Shujaa Wakirudisha Mpira Nyuma Usiwatusi: Hii Ndiyo Hesabu Wanapiga

Manze, kama umewahi kucheki Shujaa kwa base yoyote, iwe tao ama huko Kangemi, hii kelele unaijua. Mchezaji wetu ako na mpira. Mbele yake kuna majamaa watatu. Badala ya kukanyagia, anageuka, anarudi nyuma mita kumi hivi na kupasia mwenzake, ambaye naye anazidi kurudi nyuma. Lazima msee mmoja aruke kwa kiti: "Unaenda wapi wewe? Laini iko huku!"

Buda, tulia. Huyo mchezaji anajua mahali anaenda. Ni vile wengi wetu tumelelewa na kandanda, na kwa raga ya wachezaji saba hesabu ni ingine kabisa.

Uwanja ni ule ule wa raga ya watu 15. Upana wake unafika mita 70. Lakini wasee wa kuulinda ni saba tu, kwa hivyo hata wakijipanga wote kwa laini moja, kila mtu ako na mita kumi za kuchunga. Na hawajipangi wote, juu mmoja hubaki nyuma kama mlinzi wa mwisho. Wamebaki sita, kila mmoja karibu mita 12. Sasa angalia kitu inafanyika mtu akiangushwa. Mmoja wa walinzi ako chini na yule amemkaba, mwingine amekuja kupigania mpira. Mbele wamesimama wanne peke yao, na kila mmoja ana zaidi ya mita 17. Ni kama kutuma kanjo wanne walinde Tom Mboya Street yote saa kumi na moja jioni. Wachuuzi watapita tu, swali ni wapi.

Hiyo "wapi" ndiyo Shujaa wanatafuta wakirudi nyuma. Mpira ukihamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, walinzi wanalazimika kuufuata wakikimbia, na mtu akikimbia sana lazima mmoja achelewe ama mwingine atoke kwa laini mapema. Hapo ndio mlango unafunguka. Kumbuka pia ukijirusha kwa wale majamaa watatu peke yako, utaangushwa mbali na wenzako na mpira utanyakuliwa. Kwa mechi ya dakika 14, saba kila kipindi, kupoteza mpira hivyo kunaweza kumaanisha usiuguse tena kwa dakika mbili nzima. Afadhali upoteze mita kumi kuliko upoteze mpira. Mita zitarudi.

Mlango ukishafunguka, bado kuna mtu anafaa kuamua. Mara nyingi inabaki washambuliaji wawili dhidi ya mlinzi mmoja, na hapa watu hudhani mbio ndiyo inaokoa. Hapana. Ukipasi mapema, mlinzi anateleza tu anamfuata mwenzako. Ukichelewa, ushakabwa na mpira. Lazima umkimbilie huyo mlinzi mpaka akuangalie wewe, miguu yake isimame, alafu mpira utoke. Ni uamuzi wa chini ya sekunde moja, na unaufanya mapafu yakiwaka moto. Kocha hawezi kukusaidia, hakuna kusimamisha mechi ndio mwongee. Ndio maana mchezaji mwenye mbio za wastani na akili iliyotulia anaweza kuwa na thamani kuliko yule wa kuchana upepo.

Lakini kama kuna kitu kimoja nataka ukiangalie mechi ijayo, ni mkwaju wa kuanzisha. Kwa raga ya watu 15, timu iliyofungwa ndiyo inapiga mpira kuelekea kwa wale wamefunga. Kwa saba ni kinyume: ukifunga, wewe ndio unapiga. Yaani umetoka kufunga trai, uko na raha zako, na sheria inakwambia umpe adui mpira. Huo mkwaju lazima uvuke mita kumi. Basi una njia mbili. Unaweza kuupiga mbali, adui aanzie karibu na laini yake mwenyewe na akuje na safari yote ya uwanja. Ama unaupiga juu sana na mfupi, ndio wasee wako wafike chini yake wakati mmoja na wapinzani na waupiganie hewani.

Ukiushinda hewani, adui hajagusa kitu tangu umfunge, na unaweza kumfunga tena. Ukiukosa, wasee wako wamejazana mahali pamoja, adui ako na mpira katikati ya uwanja, na nyuma kuko wazi. Timu inayoongoza kwa trai moja, imebaki dakika moja, haina haja na hiyo kamari. Timu iliyo nyuma haina njia ingine.

Sasa rudi Singapore, Aprili 2016. Shujaa, chini ya marehemu Benjamin Ayimba, walicheza fainali na Fiji na kuwapiga 30-7, mara ya kwanza Kenya kushinda duru ya msururu wa dunia. Miezi michache baadaye Fiji hao hao walibeba dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Watu hukumbuka trai za Collins Injera siku hiyo, na ni haki yake. Lakini cheki ile saba ya Fiji. Hiyo ni trai moja na mkwaju wake. Wakenya walifunga trai kadhaa, kwa hivyo kila wakifunga na muda bado uko, walikuwa wanawapigia mpira watu hatari zaidi duniani wakiwa na nafasi ya kukimbia. Na wakapata trai moja pekee. Kwangu mimi hiyo saba inashangaza kuliko hiyo thelathini.

Na pengo huwa dogo kuliko venye unadhani. Mei 2023 kule London, Kenya ilipoteza 12-7 kwa Kanada na kushuka daraja. Septemba mwaka huo huo, Harare, ikaipiga Afrika Kusini 17-12 na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Zote mbili ni tofauti ya alama tano, yaani trai moja bila mkwaju. Pasi moja iliyotoka mapema, ama kadi moja ya njano, juu hiyo inakutoa nje dakika mbili kwa mechi ya 14, na wenzako wanabaki sita kulinda zile mita 70. Tulipolia London hatukuwa tumesahau kukimbia.

Hii yote huwezi kuiona vizuri kwa TV, kamera inafuata mpira. Panda mathree ya 111 ushuke RFUEA pale Ngong Road kukiwa na mechi, ama ukiwa tao tembea mpaka Railway Club, nyumbani kwa Mwamba, ile klabu ya Injera na kakake Humphrey Kayange. Kaa juu kidogo. Kwa dakika tatu usiangalie mpira kabisa, angalia yule mlinzi mmoja amesimama nyuma peke yake. Akibaki pale, jua wenzake mbele ni sita na wamenyooka, na mpira utaendelea kuzungushwa. Akipanda kuwasaidia, nyuma hakuna mtu, na mwenye mpira akiwa macho atadonoa kamkwaju kafupi juu ya vichwa vyao alafu akafuate. Utakuwa umeshasimama kushangilia na jirani yako bado anauliza mbona wanarudi nyuma.