Taa ya erbagi haizimiki: hesabu mpaka sita



Juma lililopita, nyuma ya mkutano, wamama watatu wa chama waliuliza swali moja. Mmoja ana Toyota IST ya kwenda nayo kazini. Mwingine anatembeza RAV4 ya bwana wake. Wa tatu alinunua Vitz kwa feza ya likelemba, sasa inafanya takisi hapa Kolwezi. Kwa wote watatu, taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa na mpira mbele ya kifua inawaka kwenye tablo, na haizimiki. Fundi wa kwanza alisema: iacheni, haisumbui. Wa pili alisema: nipe feza kidogo, nitaiondoa leo leo. Wa tatu alisema: inaomba kununua erbagi mpya. Jibu la kwanza si zuri. La pili ni baya kabisa. La tatu linaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi linakuja mapema sana, mbele ya mtu kutafuta ugonjwa uko wapi.

Erbagi ni mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya volani, na mwingine ndani ya tablo upande wa abiria. Motokari zingine zina mifuko pia ndani ya viti ao juu ya milango. Motokari ikigonga kwa nguvu, kompyuta ndogo inatuma umeme, dawa iliyo nyuma ya mfuko inawaka sawa baruti, na mfuko unajaa hewa mbele hujapepesa jicho. Kompyuta hiyo hiyo, kwa motokari nyingi, inaongoza pia chombo cha kukaza mkaba wa usalama wakati wa ajali. Kila mara unapoweka kontakti, kompyuta inajipima yenyewe: waya ziko sawa? mifuko iko? umeme unatosha? Ikiona kitu hakiko sawa, inaacha taa inawaka na inaandika kodi ndani yake. Na mara nyingi inafunga mfumo wote, si upande wenye shida tu.

Ndiyo maana watu wanasahau. Mashine inatembea vizuri, breki inashika, redio inaimba. Taa inawaka miezi sita, mwaka, mpaka macho yanaizoea. Kisha siku moja familia inachukua barabara ya taifa namba 39 kwenda Likasi, mbele na nyuma malori ya shaba na kobalti, vumbi mpaka huoni kitu, na motokari hiyo haina kinga yenye watu wanafikiri iko nayo.

Sasa tufike kwenye kitu kila mama anaweza kufanya peke yake, bila fundi na bila feza. Ingia ndani ya motokari ikiwa imezimwa. Zungusha ufunguo mpaka kontakti, lakini usiwashe mashine. Taa zote za tablo zitawaka. Angalia ile ya erbagi (zingine zimeandikwa SRS) na hesabu pole pole: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kwa Toyota nyingi, taa inapashwa kuwaka kwanza, kisha kuzimika yenyewe karibu na sekunde ya sita, mashine ingali haijawashwa. Ikifanya vile, kompyuta imejipima na haikuona shida. Ikibaki inawaka, iko shida.

Lakini kuna motokari zenye taa hiyo haiwaki hata kidogo. Watu wengi wanaifurahia: tazama, haina taa, ni nzuri! Mama, hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Taa yenye kubaki inawaka inakuambia ukweli. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi imezimwa na mtu. Alitoa ampuli, ao alibandika karatasi nyeusi nyuma ya tablo. Wengine ni wajanja zaidi: wanaunganisha waya wa taa ya erbagi na waya wa taa ya mafuta ya mashine ao ya batri, ili zizimike pamoja. Huo unaweza kuutambua. Taa ya mafuta na ya batri haziwezi kuzimika mpaka mashine iwake. Basi kama ya erbagi nayo inangoja mashine iwake, na zote zinazimika kwa mara moja, jua kwamba mkono wa mtu ulipita pale.

Kuna ujanja wa mwisho wenye macho ya kawaida hayaoni: kuweka kipande kidogo cha kuzuia umeme pahali pa erbagi iliyokwisha kufunguka. Kompyuta inafikiri mfuko uko, taa inazimika vizuri kwa sekunde sita, na ndani ya volani hakuna kitu. Kwa hiyo ukienda kununua motokari ya okazio, usitosheke na taa peke yake. Motokari nyingi za kwetu zimetoka Japani, zikashuka Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, na zingine zilikwisha kugonga huko ao njiani, kisha zikapakwa rangi. Angalia kifuniko cha katikati ya volani: rangi yake ni moja na volani? Pembeni kuna alama ya gundi ao ya bisibisi? Pitisha mkono juu ya tablo upande wa abiria: kuna ufa, ao pahali palipotiwa viraka? Vuta mkaba wa kila kiti mpaka mwisho, kisha uuachilie. Mkaba wenye kukwama, ao wenye kulegea na haurudi, unaweza kuwa ulikazwa siku ya ajali na hakuna aliyeubadilisha.

Turudi kwa taa yenye kubaki inawaka. Mbele ya kulipa bei ya erbagi mpya, tafuta vitu vidogo. Ya kwanza ni batri. Batri ikichoka, umeme unashuka, na taa hiyo inaweza kuwaka hata kama mfuko hauna shida. Kama asubuhi mashine inawaka kwa shida na taa ya erbagi ilianza siku zile zile, anza na batri.

Ya pili iko chini ya viti vya mbele, na hapa tunajulikana. Chini ya kiti kuna fishi za rangi ya manjano. Rangi hiyo kwa waya za motokari inaonyesha kwamba ni za erbagi. Sisi tunasukuma pale mfuko wa unga, makala, chupa za maji, viatu vya watoto. Kisha tunavuta kwa nguvu, fishi inalegea. Ao wakati wa vumbi vijana wanaosha motokari wanamwaga maji mengi ndani, viti vinalowa, fishi inapata kutu. Kama taa iliwaka nyuma ya kuosha motokari ao nyuma ya kusogeza kiti, mwambie fundi aanzie hapo. Wewe mwenyewe usiziguse.

Ya tatu iko nyuma ya volani: mkanda mwembamba wa waya uliozungushwa sawa konokono, ambao unapeleka umeme kwenye erbagi huku volani inazunguka. Unachoka na kukatika. Alama yake ni nyepesi kwa kukumbuka: kama klaksoni nayo imenyamaza, ao vibonye vya volani havifanyi kazi, na taa ya erbagi inawaka, basi shida karibu kila mara ni mkanda huo, wala si mfuko. Bei yake si sawa na ya erbagi. Mara zingine shida iko mbele kabisa, pahali pa vyombo vidogo vya kusikia mgongano. Kugonga ukuta kidogo tu, ao kupita ndani ya madimbwi makubwa wakati wa mvua, kunaweza kuviharibu.

Garaji nayo ina maswali yake. Uliza mbele ya yote: utasoma kodi namna gani? Skana ndogo ya bei rahisi inasoma shida za mashine tu, na fundi atakuambia kwamba hakuna kitu. Inaomba skana yenye kuingia kwenye kompyuta ya erbagi. Kwa Toyota nyingi za zamani kidogo, fundi mwenye kujua anaweza pia kuifanya taa yenyewe ipepese na kuhesabu kodi. Aandike kodi ile kwenye karatasi, na karatasi ikae kwako. Fundi mwenye kufuta kodi bila kutengeneza amekuuzia siku mbili za kutulia, taa itarudi.

Kisha mwangalie anavyofanya kazi. Anapashwa kutoa waya wa batri, upande wa kuondoa, na kungoja. Toyota wanaomba sekunde 90 kwa uchache, kwa sababu kompyuta inaweka umeme kidogo wa akiba. Hapimi fishi za manjano kwa taa ya kupimia wala kwa mashine ya kupima umeme, kwa maana umeme kidogo sana unatosha kulipua mfuko usoni pake. Na erbagi iliyotolewa inawekwa chini na kifuniko kikitazama juu. Kama anachokora waya za manjano na kontakti iko imewashwa, shuka na uombe ufunguo wako.

Na kama feza haipo, kwa sababu mwezi huu kuna minervale ya watoto? Basi acha taa iwake. Usilipe mtu wa kuizima. Feza hiyo ingekuwa mwanzo wa kununua pyesi yenyewe. Herufi ya kwanza ya SRS maana yake ni nyongeza: erbagi ni nyongeza ya mkaba, haiuondoi. Mtu asiyefunga mkaba anatupwa mbele na kukutana na mfuko wakati ungali unafunguka, na nguvu yake inaweza kumvunja. Funga mkaba kila safari, hata ya kwenda soko tu. Mama mwenye mimba, pitisha sehemu ya chini ya mkaba chini ya tumbo, kwenye mifupa ya kiuno, na sehemu ya juu katikati ya matiti. Usiupitishe juu ya tumbo. Na kama unaongoza, rudisha kiti mpaka kati ya kifua chako na volani kubaki karibu sentimeta 25.

Kuhusu watoto nitasema wazi, hata kama wengine watakasirika. Kwenye takisi zetu tunakaa wawili kwenye kiti kimoja cha mbele, na mama anampakata mtoto. Mfuko ukifunguka, mtoto yuko katikati ya mfuko na kifua cha mama. Mkono wa mama hauwezi kumshika. Hakuna mkono wenye nguvu hiyo. Mtu asiseme: taa inawaka, basi erbagi imekufa, mtoto anaweza kukaa mbele. Taa inasema kwamba mfumo hautegemewi. Unaweza kukataa kufunguka siku ya ajali, na kwa waya iliyoharibika unaweza pia kufunguka wakati haukuombwa. Mtoto anakaa nyuma. Kiti cha mtoto mchanga chenye kutazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya erbagi. Kama takisi ina nafasi ya mbele tu na wewe una mtoto mikononi, ngoja ingine.

Kuna shida moja yenye taa haiwezi kuonyesha. Kampuni ya Japani iliyoitwa Takata ilitengeneza erbagi kwa viwanda vingi vya motokari. Dawa yake ya kujaza mfuko, kwa miaka mingi ya joto na unyevu, inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kutupa vipande vya chuma ndani ya motokari. Watu wamekufa kwa sababu hiyo katika inchi mbalimbali. Viwanda viliita vipande karibu milioni 100 duniani pote ili vibadilishwe, na Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Kati ya motokari zilizohusika kuna Toyota Vitz, Corolla na Honda Fit za miaka fulani, zile zile zenye tunaona hapa kila siku. Motokari iliyotoka Japani mbele ya kubadilishiwa ilikuja na erbagi yake ya zamani, na taa yake inazimika vizuri sana kwa sekunde sita. Ni sababu hiyo pia ya kutochukua erbagi ya okazio pahali popote bila kujua ilitoka motokari gani na ya mwaka gani.

Hiyo inajulikana kwa namba ya chasi. Kwa motokari za Japani, iko kwenye kibao kidogo cha chuma pahali pa mashine: herufi na tarakimu, kisha mstari mdogo, kisha tarakimu zingine. Iandike yote kwenye karatasi bila kusahau hata moja, na umpe kijana wa nyumbani mwenye intaneti. Kiwanda cha Toyota huko Japani, na vingine pia, vina ukurasa wa kutafuta kwa namba hiyo. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu inaweza kuutafsiri, na jibu linatoka bila kulipa.