Tovuti Ipangwe kwa Kumtazama Anayeitumia

Mara nyingi mashirika hutuambia kwamba orodha au tangazo la msaada liko kwenye tovuti. Kiongozi anajaribu kwa simu yake, ukurasa haufunguki, yuniti zinaisha, naye anafikiri kosa ni lake kwa kutosoma vya kutosha. Mara nyingi kosa ni la aliyeijenga tovuti. Iko kazi nzima ya kupanga tovuti kufuatana na maisha ya mtu atakayeitumia. Ilijulikana zaidi tangu mwaka 1993, Don Norman alipofanya kazi katika kampuni ya Apple, Marekani, na cheo cha msanifu wa mambo anayoyapitia mtumiaji.

Tuchukue mfano wa karibu. Mama amekimbia Mbau kuelekea Oicha, na mtoto wake amepotelea njiani. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, jamaa nyingi zimetawanyika hivyo, wengine Butembo, wengine Ituri au Uganda. Tovuti ya kutafuta ndugu ingemfaa mama huyu. Lakini simu yake ni ipi? Kama ni ile ndogo ya vibonye, picha kubwa hazina kazi. Anasoma lugha gani? Fomu ya Kifaransa inayodai namba ya nyumba haina jibu kwa mtu anayelala katika darasa la shule.

Halafu kuna hofu. Ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walianzisha Refugees United mwaka 2008 kusaidia wakimbizi waliopotezana. Walielewa kwamba mkimbizi anaogopa kuandika jina lake, kwani aliyemfukuza naye anaweza kulisoma. Basi mtu aliruhusiwa kuandika jina la utani, kovu, au jambo ambalo ndugu yake tu analijua. Mwaka 2010 kazi hiyo ikafika kwenye simu za kawaida nchini Uganda, pamoja na HCR, Ericsson na MTN. Msalaba Mwekundu nao, katika Trace the Face, walionyesha picha ya anayetafuta bila kutangaza jina lake. Kwetu sisi, jambo hili linapita uzuri wote wa rangi na picha.

Mjenzi mwema hakisii. Anaketi na mtu, anampa kazi moja, tuseme kumtafuta mdogo wake, kisha ananyamaza na kutazama anapokwama. Kunyamaza ndiko kugumu! Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya kasoro. Zinatengenezwa, halafu wanaitwa wengine. Hapa kwetu tungeweka kati yao mzee asiyeona vizuri na mama asiyezoea kuandika.

Viongozi, shirika likija na tovuti ya kuandikisha waliokimbia, ombeni ijaribiwe kwanza kijijini, kwa simu zenu na mtandao wenu, si katika ofisi ya mjini. Ulizeni nani atayaona majina, na mtu akitaka jina lake lifutwe atapita wapi. Asiye na simu aandikwe kwenye karatasi siku ile ile, asiambiwe arudi kesho. Na kwa waliopotezana, ujumbe wa jamaa wa Msalaba Mwekundu unaandikwa kwa mkono na kupelekwa bila malipo.