Mwaka 1505: Mtaji Ulipopanda Merikebu

Katika madarasa ya historia swali hili huulizwa mara kwa mara: iliwezekanaje watu wachache, kutoka nchi ndogo iliyo ukingoni mwa Ulaya, kuivunja miji mikubwa ya pwani ya Afrika Mashariki kwa muda wa majuma matatu tu? Majibu mawili husikika. La kwanza ni kwamba wageni walikuwa na mizinga. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wenyeji walikuwa watu dhaifu. Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni kasumba tuliyoachiwa na shule za wakoloni, nayo hudumu kwa sababu wengi wetu hatujapewa jibu lililo bora zaidi.

Katika makala hii tunapendekeza njia nyingine ya kulijibu swali hilo. Tuuchukue mwaka mmoja tu, mwaka 1505, na tuitazame dunia ya mwaka huo kama kitu kimoja. Tukifanya hivyo tutaona kwamba kilichotia nanga Kilwa na Mombasa hakikuwa jeshi la mfalme peke yake. Kilikuwa ni jeshi la mfalme na fedha za matajiri, vimeunganishwa kuwa chombo kimoja.

JULAI NA AGOSTI

Tarehe 25 Machi 1505 msafara wa merikebu zipatazo ishirini uling'oa nanga Lisbon, ukichukua askari wapatao 1,500. Mkuu wake alikuwa Francisco de Almeida, ambaye Mfalme Manuel wa Ureno alimpa cheo cha makamu wa mfalme katika nchi za India. Msomaji na asipite haraka hapa. Almeida alipewa kuzitawala nchi ambazo Ureno ilikuwa haijaziteka. Kazi yake ilikuwa kukifanya cheo hicho kiwe kweli kwa kujenga ngome katika pwani ya Afrika na ya India.

Msafara ulifika Kilwa tarehe 22 Julai. Miaka mitatu kabla, mwaka 1502, Vasco da Gama alikuwa amemlazimisha Amiri Ibrahimu wa Kilwa kwa mtutu wa mizinga akubali kumlipa mfalme wa Ureno dhahabu kila mwaka. Sasa Almeida alidai utii uendelee. Ibrahimu alikwepa kukutana naye. Tarehe 24 Julai askari walishuka pwani, Amiri akaponyoka, na mji ukaporwa. Wareno walianza kujenga ngome, kisha wakamtawaza tajiri mmoja wa mji, Mohamed Ankoni, awe mtawala chini yao.

Tarehe 13 Agosti walifika Mombasa. Mji huu ulipigana. Walinzi wake waliwafyatulia mizinga, na baadaye wakawapiga kwa mishale na mawe kutoka juu ya mapaa, katika vichochoro ambamo askari wenye silaha nzito hawakuweza kupanga safu. Wareno waliutia mji moto, na tarehe 15 wakauingia na kupora. Karani mmoja Mjerumani, Hans Mayr, aliyesafiri katika msafara huo, aliacha maelezo yake. Miongoni mwa nyara alizozitaja ni vitambaa vingi vya pamba kutoka Cambay, vilivyokusudiwa kwa biashara ya Sofala.

Mwezi Septemba kikosi kingine cha Wareno, kilichoongozwa na Pero de Anaia, kiliwasili Sofala na kujenga ngome kwa ruhusa ya Shehe Yusufu, mtawala wa mji huo. Lengo lilikuwa dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe.

Hayo ndiyo matukio. Lakini Mjerumani alikuwa anatafuta nini katika msafara wa Ureno? Tukilijibu swali hilo, tutakuwa tumeufikia mzizi wa jambo.

NANI ALILIPIA MSAFARA?

Ureno ya wakati huo ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni moja, wengi wao wakulima masikini. Kuunda merikebu, kuzipakia mizinga, kuwalisha mamia ya watu kwa mwaka mzima au zaidi, na juu ya hayo kununua pilipili manga huko India, kulihitaji fedha nyingi kuliko alizokuwa nazo mfalme. Kwa hiyo mfalme alifungua mlango kwa matajiri wa nje. Katika msafara wa 1505 makampuni ya wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia yaliweka mtaji wa zaidi ya krusado 60,000, na merikebu tatu zikasafiri kwa ajili yao. Kampuni ya Welser ya mji wa Augsburg peke yake iliweka krusado 20,000. Kampuni ya Fugger ya mji huo huo iliweka 4,000. Miongoni mwa Waitalia alikuwamo Bartolomeo Marchionni, tajiri wa Florence aliyeishi Lisbon, ambaye sehemu ya mali yake ilitokana na biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Basi ndiyo sababu karani Mjerumani alikuwapo. Alikuwa amefuata mali ya waajiri wake. Tunaiona hapa sura ya mfumo ulio changa: mfalme anatoa bendera na majemadari, tajiri anatoa mtaji, baharia na askari wanatoa jasho na damu, na wa mwisho kabisa, yule ambaye mji wake unachomwa, hahesabiwi katika daftari isipokuwa kwa vitambaa vyake.

Lakini mtaji huo nao ulitoka wapi? Haukuanguka kutoka mbinguni. Fugger walikuwa wamejitajirisha kwa kuwakopesha wafalme na kujitwalia, badala ya riba, fedha ya milima ya Tirol na shaba ya Hungaria. Waliozitoa chini ya ardhi walikuwa wachimbaji wa migodi. Shaba na fedha hiyo ilipelekwa Antwerp na Lisbon, na kutoka huko ikapelekwa India, kwa maana wenye pilipili wa Malabar hawakuhitaji bidhaa nyingi za Ulaya, walitaka madini. Ulaya ya 1505 ilikuwa haina viwanda vya kuishinda Asia kwa ubora wa bidhaa. Ilikuwa na madini, merikebu zenye mizinga, na namna mpya ya kuchanga mtaji.

Ni vizuri pia tuone kwamba wanyonyaji hawakuwa kitu kimoja bila mgongano. Mfalme Manuel hakuwaachia matajiri wa Kijerumani wauze pilipili yao watakavyo iliporudi Lisbon. Alitaka ukiritimba uwe wake, na ugomvi ukachukua muda mrefu. Tabaka la makabaila na tabaka la wafanyabiashara walishirikiana katika kupora na kugombana katika kugawana.

DUNIA YA MWAKA ULE ULE

Sasa tuyatazame mambo mengine ya mwaka 1505. Tutaona kwamba mkondo huu haukuigusa pwani ya Afrika Mashariki peke yake.

Kwanza, Poland. Mwaka huo Bunge la Radom lilipitisha sheria kwamba mfalme asitunge jambo jipya bila idhini ya makabaila. Vitabu vingi huisifu sheria hiyo kama hatua ya demokrasia. Ilikuwa demokrasia ya nani? Ilikuwa ya wenye ardhi. Wakati ule ule makabaila hao walikuwa wakimfunga mkulima katika ardhi yao, ili alime nafaka iliyouzwa Ulaya Magharibi kupitia bandari ya Gdansk. Mwaka 1520 sheria ilimtaka mkulima amfanyie kabaila kazi ya bure angalau siku moja kwa juma. Soko la Ulaya Magharibi lilipopanuka, uhuru wa mkulima wa Ulaya Mashariki ulisinyaa.

Pili, visiwa vya Karibi. Mwaka huo Mfalme Ferdinand wa Hispania alipeleka watumwa Waafrika kufanya kazi katika machimbo ya shaba ya kisiwa cha Hispaniola, ambako wenyeji walikuwa wakiteketea kwa kazi za shuruti na maradhi. Idadi ya Waafrika hao ilikuwa ndogo. Lakini njia iliyofunguliwa ilikuja kuwameza mamilioni.

Tatu, Ujerumani yenyewe. Tarehe 17 Julai 1505, juma moja kabla ya Kilwa kuvamiwa, kijana mmoja aitwaye Martin Luther, mtoto wa mtu wa migodi ya shaba, aliingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Miaka kumi na miwili baadaye alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha wa dhambi, na sehemu ya fedha za vyeti hivyo ilikuwa ikipita mikononi mwa Fugger kulipia deni la askofu mkuu. Mwaka 1524 aliandika kuyashutumu makampuni makubwa ya wafanyabiashara. Hata hivyo wakulima wa Ujerumani walipoinuka mwaka 1525, Luther alisimama upande wa watawala. Mtu aweza kuyaona maovu ya mtaji na bado akawaogopa wale wanaoumizwa nao.

Nne, Misri. Pilipili ya India ilizoea kupita Bahari ya Shamu na Kairo kwenda Venice. Njia hiyo ilipotishiwa, Sultani Qansuh al-Ghawri alipeleka manowari kutoka Suez mwaka huo huo wa 1505 chini ya Amiri Husein. Mwaka 1508 ziliwashinda Wareno huko Chaul, na mtoto wa Almeida akauawa. Mwaka 1509 Almeida alilipiza huko Diu na kuwavunja nguvu.

Tano, China. Mfalme Hongzhi alifariki katikati ya mwaka 1505, akarithiwa na mwanawe mwenye umri wa miaka 13. Karne moja kamili kabla, mwaka 1405, China ilikuwa imeanza safari kubwa za Zheng He, ambazo baadaye zilifika Mogadishu na Malindi zikiwa na maelfu ya watu. Merikebu za Wareno zilikuwa ndogo mbele ya hizo. Lakini safari za China zilikwisha mwaka 1433, kwa kuwa zilitegemea hazina na utashi wa mfalme. Za Ureno hazikukoma, kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu waliokwisha kuweka mtaji na waliongoja faida. Hii ndiyo tofauti kubwa, wala si ushujaa wa mabaharia.

UFA ULIOKUWA NDANI

Hata hivyo tungekuwa tunajidanganya tukiishia kwa wageni. Nyumba yenye ufa haihitaji tetemeko kubwa.

Miji ya pwani ilikuwa na ustaarabu wa hali ya juu: nyumba za mawe, misikiti, biashara iliyofika Arabuni, Gujarat na mbali zaidi. Lakini kila mji ulikuwa dola yake. Malindi, iliyoshindana na Mombasa kwa muda mrefu, ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Mombasa ilipokuwa inaungua, Malindi ilikuwa rafiki wa waliowasha moto. Kilwa kwenyewe Amiri Ibrahimu alitawala bila kuwa wa ukoo wa masultani, na wakubwa wa mji walikuwa wamegawanyika kwa sababu hiyo. Ndiyo maana Almeida hakupata taabu kumwona mtu wa kumvisha taji.

Tena, ndani ya kila mji palikuwa na matabaka. Waungwana waliishi kwa faida ya dhahabu na pembe ambazo hawakuzichimba wala kuziwinda, na mashamba ya Kilwa yalilimwa na watumwa. Je, mtumwa angeulinda kwa moyo wote ukuta ambao nyuma yake aliendelea kuwa mtumwa? Swali hili tunaliacha mbele ya msomaji alipime.

MABAVU NA MIPAKA YAKE

Je, wavamizi walikipata walichokifuata? Hapa ndipo mwaka 1505 unapotufundisha jambo ambalo halisemwi vya kutosha.

Ankoni aliuawa mwaka 1506. Mwaka huo huo Shehe Yusufu wa Sofala, alipoona ngome imekuwa kitanzi, aliishambulia; akauawa, lakini Anaia naye alikufa kwa homa. Wafanyabiashara wa Kiswahili waliikwepa Sofala wakapeleka vitambaa vyao kupitia Angoche na mto Zambezi, na dhahabu iliyofika mikononi mwa Wareno haikufanana na ndoto zao. Mwaka 1512 waliiacha ngome ya Kilwa. Mombasa ilijengwa upya na watu wake, na ikawapinga tena.

Kwa nini? Kwa sababu biashara ya pwani haikuwa ghala la kuvunjwa mlango. Ilikuwa ni uhusiano wa watu: mfumaji wa Cambay, nahodha wa jahazi, mwenyeji wa Mombasa, mchukuzi wa bara, mchimbaji wa dhahabu. Mzinga huweza kuukata uhusiano huo. Hauwezi kuurithi. Wareno waliharibu zaidi kuliko walivyofaidi, na hasara ya Kilwa haikuwa faida kamili ya Lisbon.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tunaweza kufupisha hivi. Moja, nguvu ya wavamizi wa 1505 haikuwa katika rangi wala akili yao, bali katika muungano wa dola na mtaji, na muungano huo ulimkandamiza mkulima wa Poland na mchimbaji wa Tirol pamoja na mtu wa Mombasa. Mbili, silaha za wageni zilipata njia kwa sababu wakubwa wa pwani walimwona jirani kuwa ndiye adui mkubwa zaidi. Tatu, walioteka miji hawakuweza kuyateka maisha ya watu, kwa kuwa watu walitafuta njia nyingine.

Kwa hiyo mwalimu au kada atakapoulizwa tena kwa nini Kilwa ilianguka, asijibu kwa neno moja, bunduki. Amwombe aliyeuliza aifuate ile karatasi ya hesabu, kutoka vichochoro vya Mombasa hadi ofisi za Augsburg, na aulize kila mahali: nani alitoa jasho hapa, na nani alichukua faida? Akishajizoeza kuuliza hivyo juu ya mwaka 1505, ataweza kuuliza hivyo juu ya mwaka wowote, ukiwamo huu anaoishi.