Kuchekesha kwa Kamera Moja

Wanafunzi wetu hulalamika kuwa bila fedha hakuna filamu. Hebu tutazame L'Arroseur arrosé ya Louis Lumière (1895), isiyotimiza hata dakika moja: mtunza bustani, mvulana mtundu, mpira wa kumwagilia maji na kamera isiyosogea. Mvulana anaukanyaga mpira, maji yanakatika. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira. Mvulana anainua mguu. Sisi tuliuona mguu ule, yeye hakuuona. Taharuki na kinaya tunavyovifundisha katika tamthilia vimo humo, kwa kuwa wote wawili wamewekwa ndani ya picha moja. Mvulana anapotoroka, anakamatwa na kuburutwa hadi karibu na kamera ndipo achapwe, maana kamera haiwezi kumfuata! Filamu haina sauti. Hivyo darasani tunawaachia wanafunzi waisimulie, na anayebabaika na -ka- na -ki- hujulikana mara moja.