Kompyuta Nzito Haijazeeka, Diski Ndiyo Imechoka (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna ya kukagua kompyuta ya mtumba kabla ya kutoa fedha, na namna ya kuikinga na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Leo tunafika kwenye lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote: kompyuta imekuwa nzito. Ukiiwasha asubuhi, chai inachemka na kunyweka kabla haijafunguka. Ukibofya Word, inaganda. Mwenyewe anaamua kwamba imezeeka, anaanza kujinyima ili anunue nyingine.

Maoni yangu ni haya, na ninayasimamia. Kwa mwalimu anayechapa mitihani, mwenye duka anayetunza hesabu zake, au mwanafunzi wa chuo, kompyuta mpakato iliyotengenezwa miaka minane au tisa iliyopita bado inatosha. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski. Kuibadilisha hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine, na sijaona tengenezo jingine lenye faida kubwa kiasi hicho kwa fedha ileile.

Sababu inaeleweka ukijua kilichomo ndani ya diski ngumu ya kawaida. Mna sahani zilizopakwa utando wa sumaku, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Katika kompyuta mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mtu akisikia hivyo huona ni mwendo mkali. Lakini piga hesabu: mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na programu ikiomba faili, mkono lazima kwanza usogee hadi kwenye njia yake, kisha usubiri sahani ilete kipande kinachotakiwa. Diski ya namna hii huchota vipande vilivyotawanyika mia moja hivi kwa sekunde, mara nyingi pungufu ya hapo. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vidogo kutoka kila upande. Ni ofisi yenye tarishi mmoja aliyetumwa majalada elfu kutoka vyumba mbalimbali, moja moja. Hata bosi awe mwepesi namna gani, kazi itamsubiri tarishi.

Ufundi huo ni wa tangu mwaka 1956, IBM ilipotoa RAMAC, mashine iliyokuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 na iliyohifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya kisasa inayowekwa mahali pake, SSD, haina kitu kinachozunguka. Huhifadhi taarifa kwa chaji za umeme ndani ya chipu za flashi, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusubiriwa, hata SSD ya bei ya chini huchota maelfu kwa maelfu ya vipande kwa sekunde moja.

Usikubali maneno yangu wala ya fundi bila kujihakikishia. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye orodha ya programu na safu za tarakimu juu yake. Tazama safu ya Disk wakati kompyuta imeganda. Ikiwa inasoma asilimia 95 au 100 na safu ya CPU iko chini, mchawi umempata. Kisha tazama safu ya Memory. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ikifunguliwa kurasa kumi za intaneti hujaa, na Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo zote mbili huelemewa pamoja. Hapo ongeza RAM ifike GB 8, ila hakikisha aina inalingana: kipande cha DDR3 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Sasa ununuzi. Kompyuta nyingi za umri huo hupokea SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Nyingine zina nafasi ya M.2, kipande chembamba kinachofanana na kipande cha RAM. Muulize fundi kabla hujanunua, au tafuta mwongozo wa modeli yako. GB 240 au 256 zinamtosha mtu wa nyaraka, na mwenye picha nyingi achukue 500. Usilipie kasi ambayo kompyuta haiwezi kuitumia: njia ya SATA hufikia MB 550 hivi kwa sekunde, hata kama boksi limeandikwa maneno makubwa.

Jihadhari sana na diski za nje na flashi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa na maandishi ya TB 2. Nyingi zimechezewa ziitangazie kompyuta ukubwa ambao hazina. Utanakili picha za harusi, majina yote ya faili utayaona, lakini ukiyafungua baadaye mengi hayana kitu ndani, kwa sababu chipu halisi ilishajaa zamani. Programu ya bure ya H2testw huandika hadi mwisho wa nafasi na kusoma tena. Endesha jaribio hilo siku uliyonunua, ungali na risiti mkononi.

Kazi yenyewe haichukui muda. Kwanza nakili kila unachokithamini mahali pawili tofauti. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, na toa betri kama inatoka. Tandika karatasi nyeupe mezani, na kila skrubu unayofungua iweke kwenye karatasi mahali panapofanana na ilikotoka, kwani urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingizwa pa fupi hutoboa kava au bodi. Diski huvutwa kwa mlalo kutoka kwenye kiunganishi, taratibu. Ikikataa, kuna skrubu umeisahau. Kisha pandikiza Windows upya. Wapo wanaopenda kunakili diski nzima ilivyo. Mimi siwaungi mkono, maana virusi na takataka za miaka yote huhamia nyumba mpya pamoja na mwenye nyumba.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya hayo yote. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Soma jina la prosesa yako: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Ndiyo maana katika mitumba ninapendelea ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5 kuliko ndugu zao wa kizazi cha sita, hata zikizidi bei kidogo. Kama unayo ya kizazi cha sita, usiitupe. Iwekee Linux Mint, ni ya bure, na LibreOffice itafungua nyaraka zako za Word. Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, iliyokuwa kwa Kiswahili.

Nisichokubali kabisa ni zile mpakato mpya za bei nafuu zenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Mzazi humnunulia mwanawe kwa sababu inang'aa na iko ndani ya boksi. Mara nyingi hifadhi na RAM zimeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja, kwa hiyo zikielemewa hakuna cha kubadilisha. Kwa fedha hiyo, mtumba imara yenye SSD itamhudumia mtoto vizuri zaidi.

Imebaki diski ya zamani. Ikiwa bado nzima, inunulie kasha la USB uifanye nakala ya pili, wala isiwe nakala pekee. Na kama umeamua kuachana nayo, tafadhali usiiache kwenye meza ya fundi. Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuondoi kilichomo. Barua zako, picha za watoto na taarifa za benki husomeka tena kwa programu zinazopatikana bure. Ondoka nayo.