Stiniva: Biashara ya ufukwe usio na mwenyewe

UFUKWE wa Stiniva, ulioko upande wa kusini wa kisiwa cha Vis nchini Kroatia, hauna lango, hauna kiingilio na hauna mwenyewe. Hata hivyo, kila kiangazi ufukwe huo mdogo wa kokoto huwaingizia fedha wenye boti, wenye vyumba vya kupangisha na wenye migahawa katika eneo kubwa la pwani ya Bahari ya Adriatiki.

Kwa mfanyabiashara, hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini. Bidhaa inayouzwa hapo ni faragha, yaani mahali palipojificha na penye watu wachache. Lakini kila mteja anayeongezeka huipunguza bidhaa hiyo hiyo aliyoifuata. Swali linalowakabili watu wa Vis ni kama wataweza kuendelea kuiuza bila kuimaliza.

Mahali penyewe

Stiniva ni ghuba ndogo iliyozungukwa na magenge marefu ya mawe ya chokaa. Mlango wake wa kuingilia kutoka baharini una upana wa mita chache tu, kiasi kwamba mtu aliye kwenye chombo anaweza kuupita bila kuuona. Inaelezwa kuwa hapo zamani palikuwa na pango, na kwamba paa lake lilipoporomoka ndipo ghuba ilipobaki wazi kwa juu.

Ndani yake kuna ufukwe wa kokoto nyeupe zilizolainishwa na mawimbi. Maji ya pwani hiyo ni maangavu kwa sababu za kawaida kabisa. Ardhi ni ya mawe ya chokaa, mito inayoleta tope ni michache, na kokoto ni nzito, hivyo hazitimki kama mchanga mtu anapopita. Mgeni asiyebeba viatu vya kuogelea huijutia safari yake mapema.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu: mgeni huacha gari juu ya mlima na kushuka kwa miguu katika njia ya mawe yenye mteremko mkali. Ya pili ni ya bahari. Mstari wa maboya huzuia boti kuingia ndani, kwa hiyo abiria hushuka nje ya mlango na kuogelea hadi ufukweni. Asiyejua kuogelea hulazimika kutumia miguu.

Kufika Vis kwenyewe huchukua muda. Kivuko cha magari kutoka mji wa Split husafiri kwa zaidi ya saa mbili. Kampuni kubwa ya vivuko ya pwani hiyo, Jadrolinija, ni mali ya serikali, na wakazi wa visiwani hulipa nauli nafuu kuliko wageni.

Mtaji ulioachwa na jeshi

Inafaa kueleza kwanza kwa nini Vis ilibaki bila mahoteli makubwa wakati sehemu nyingine za pwani hiyo zilikuwa zikijengwa. Sababu yake haikuwa mpango wa biashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kisiwa kilikuwa kituo cha jeshi la Yugoslavia, na wageni kutoka nje ya nchi hawakuruhusiwa kukitembelea hadi mwaka 1989.

Amri hiyo iliwanyima wakazi mapato ya utalii kwa miongo kadhaa, na wengi walihama kutafuta kazi. Leo kisiwa chenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 90 kina wakazi zaidi kidogo ya 3,000. Lakini amri hiyo hiyo iliacha akiba ambayo majirani walikuwa wamekwisha kuitumia: pwani isiyojengwa. Stiniva yenyewe iliwekwa chini ya hifadhi ya mazingira tangu mwaka 1967.

Akiba hiyo ilianza kutolewa kwa kasi miaka ya karibuni. Mwaka 2016 Stiniva iliibuka ya kwanza katika kura ya fukwe bora za Ulaya iliyoendeshwa na shirika la European Best Destinations. Mwaka 2017 Vis ilitumika kupigia picha za filamu ya Mamma Mia! Here We Go Again, iliyotoka mwaka uliofuata. Mwaka 2019 visiwa vya Vis viliingizwa katika orodha ya hifadhi za kijiolojia za UNESCO. Tangazo la namna hiyo halilipiwi na mfanyabiashara yeyote wa kisiwani, na wala hakuna anayeweza kulizima.

Sheria inasemaje?

Mwekezaji anayedhani kuwa anaweza kununua ufukwe kama Stiniva na kuuwekea uzio atakuwa amekosea. Nchini Kroatia ukanda wa pwani ni mali ya umma. Ukanda huo huingia nchi kavu angalau mita sita kutoka mahali maji yanapofikia wakati wa kujaa, na hakuna mtu wala kampuni inayoweza kuumiliki.

Kinachoweza kupatikana ni kibali cha kuutumia kibiashara kwa muda maalumu na kwa malipo. Mwenye kibali anaweza kupangisha viti na miavuli, kuuza vinywaji au kuendesha shughuli nyingine iliyotajwa katika mkataba. Muda ukiisha, haki yake nayo imekwisha. Sheria ya mambo hayo ilifanyiwa mabadiliko mwaka 2023, baada ya mjadala mkali ambapo wananchi walidai fukwe zisigeuzwe kuwa za wenye fedha peke yao.

Maana yake ni kwamba faida ya ghuba kama Stiniva hupatikana pembeni yake. Wanaofaidika ni mwenye boti, mwenye chumba, mwenye mgahawa, muuza mvinyo na mwenye kiwanja cha kuegesha magari. Kila mmoja wao anauza huduma ya kumfikisha mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe hana hisa hata moja.

Hesabu ya boti

Ili kuona jinsi biashara hiyo inavyokwenda, tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu na si bei za soko.

Tuseme boti ina viti 12 na kwa wastani hupata abiria 9 kwa siku, kila mmoja akilipa euro 100. Mapato ya siku ni euro 900. Mafuta, nahodha na matumizi mengine ya safari ni euro 400, hivyo zinabaki euro 500. Boti ikifanya kazi siku 80 katika msimu, zinapatikana euro 40,000. Ukitoa gharama zisizobadilika za mwaka, yaani bima, leseni, gati, matengenezo na riba ya mkopo, tuseme euro 25,000, faida ni euro 15,000.

Sasa iangalie hali ya hewa. Stiniva inatazama kusini, na upepo wa kusini uitwao jugo unapovuma, mawimbi huelekea moja kwa moja mlangoni. Siku kama hizo safari huahirishwa. Mwenye boti akipoteza siku 10 kati ya 80, faida yake hushuka hadi euro 10,000. Amepoteza sehemu moja ya nane ya siku za kazi, lakini theluthi nzima ya faida imekwenda, kwa sababu benki na kampuni ya bima hazijali upepo.

Upo pia upungufu unaoletwa na wafanyabiashara wenyewe. Tuseme boti 10 za namna hiyo zinakwenda Stiniva kila siku, kisha inaongezeka ya 11. Ufukwe unajaa, wageni wanalalamika, na wote wanalazimika kupunguza nauli kwa euro 10 ili kuwapata abiria wale wale tisa. Boti mpya inabakiwa na euro 410 kwa siku. Lakini kila moja ya zile 10 za kwanza inapoteza euro 90, jumla euro 900. Mmoja amepata 410, wenzake wamepoteza 900.

Kwa msimu wa siku 80, faida ya kila boti ya zamani inashuka kutoka euro 15,000 hadi euro 7,800, karibu nusu. Hata hivyo, mwenye boti ya 11 hana kosa kwa hesabu zake, na wa 12 ataona bado kuna nafasi. Hivi ndivyo mali isiyo na mwenyewe inavyoliwa: kila mtu anafanya uamuzi wa busara kwa upande wake, na jumla ya maamuzi hayo ni hasara.

Nani analipa?

Mgawanyo wa hasara hiyo hauko sawa. Boti nyingi zinazofika Stiniva wakati wa kiangazi hutoka Split na kisiwa cha Hvar, katika safari za siku moja zinazounganisha visiwa kadhaa pamoja na Pango la Buluu la kisiwa cha Biševo. Abiria wake hukaa muda mfupi ufukweni, huondoka, na wengi hulala kwingine.

Mwenye vyumba wa Vis anamtegemea mgeni wa aina nyingine: anayelala usiku kadhaa, anayekula mgahawani na kununua chupa ya mvinyo wa vugava au plavac mali. Mgeni huyo alivutiwa na ukimya. Akiukosa mwaka huu, mwaka ujao ataangalia kisiwa kingine, na Kroatia ina visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya 1,200. Mwenye boti wa Split anaweza kubadili njia kesho asubuhi. Mwenye nyumba hawezi kuihamisha.

Tatizo hili linazidishwa na ufupi wa msimu. Nchi hiyo yenye watu wasiofika milioni nne ilipokea watalii zaidi ya milioni 20 mwaka 2023, na zaidi ya nusu ya malazi huangukia Julai na Agosti. Mwenye vyumba hulipa kodi ya mkupuo ya mwaka kwa kila kitanda, awe amekipangisha siku 60 au siku 160. Kwa hiyo faida yake halisi imo katika Mei, Juni na Septemba, ambapo ghuba ina nafasi na mgeni ana sababu ya kulala.

Mgeni ajue nini?

Kwa msafiri hesabu ni ile ile ikitazamwa kutoka upande wa pili. Anayetaka Stiniva iliyojificha kweli aende mapema asubuhi au jioni, au nje ya Julai na Agosti, na apange kulala Vis.

Kroatia ilianza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023, ikiacha sarafu yake ya zamani kwa kiwango cha 7.5345 kwa euro moja. Siku hiyo hiyo iliingia katika eneo la Schengen, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Aliyekwisha kuipata kwa safari ya Italia au Ujerumani anaweza kuitumia pia huko, mradi muda na siku zake zinaruhusu.

Funzo kwa mwenye mtaji

Kabla ya kuweka fedha katika boti, nyumba ya wageni au mgahawa ulio karibu na mahali maarufu, popote duniani, mwekezaji mdogo ajiulize maswali manne. Kitu anachokifuata mgeni ni cha nani? Kinaweza kubeba watu wangapi kabla hakijaharibika? Kuna mwenye mamlaka ya kusema basi, na je, husema? Na siku mbaya zikiwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, gharama za mwaka zitalipwa na nini?

Stiniva imejibu swali la tatu kwa nusu tu. Maboya yamezuia boti kuingia ndani, lakini hayahesabu watu wanaoogelea kuyapita.