Ofisa wa Manowari Akafunzwe kwenye Meli ya Watalii

Saa kumi alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2018, karibu na Bergen huko Norway, maofisa wa zamu wa manowari Helge Ingstad waliona mbele yao taa nyingi kali wakadhani ni za kitu kilichosimama kandokando ya gati ya mafuta. Kumbe zilikuwa taa za sitaha ya Sola TS, meli ya mafuta iliyotoka kupakia na sasa inawajia. Rubani wake akawasihi kwa redio wageuke kulia. Wakajibu kwamba wakigeuka watakikaribia mno kile kitu. Watu 137 waliokuwa ndani ya manowari walinusurika, lakini chombo chenyewe kilizama siku chache baadaye. Wachunguzi walibaini kwamba maofisa waongozaji walikuwa haba, hivyo vijana wakapandishwa ngazi haraka kuliko uzoefu wao. Mwaka uliotangulia, Marekani ilipoteza mabaharia 17 katika ajali mbili: saba Juni, manowari yake Fitzgerald ilipogongana na meli ya biashara ACX Crystal karibu na Japani, na kumi Agosti, manowari nyingine, John S. McCain, ilipogongana na meli ya biashara Alnic MC karibu na Singapore. Hakuna adui aliyerusha hata risasi moja.

Sheria za kimataifa za kuzuia meli kugongana, za mwaka 1972, zinaibana manowari kama zinavyoibana meli ya shehena. Lakini mkataba wa 1978 unaoweka viwango vya mafunzo ya mabaharia unaziacha manowari nje. Kijana wa meli za biashara anayepitia mafunzo rasmi hukaa baharini angalau miezi 12 kabla ya kupewa cheti cha kushika zamu, na kila alichofanya huandikwa kwenye daftari. Mwenzake wa jeshini hupata kile ambacho serikali yake imeona kinatosha. Marekani mwaka 2003 iliona zinatosha sidii za kompyuta badala ya kozi ya darasani, uamuzi uliokuja kubatilishwa. Zaidi ya hayo, ofisa wa manowari ya Marekani huhamishwa kutoka uongozaji kwenda mitambo, silaha na usimamizi wa watu, na zamu zenyewe hugawana na wenzake wengi.

Dawa ni kumpeleka ofisa wa manowari akajifunze kuongoza kwenye meli ya kiraia, nayo iwe ya watalii. Kwa nini ya watalii, na si ya mafuta? Kwa sababu meli ya mafuta huweza kukata bahari kuu siku nyingi bila kisa, ilhali ile ya watalii, iwe Karibea au Mediterania, huingia bandari mpya karibu kila asubuhi. Upepo unausukuma ubavu wake mrefu kama ukuta, feri zinakatiza, ngalawa za wavuvi hazina habari na mtu. Ndani ya chumba cha usukani, ofisa mmoja anaongoza na mwingine anamkagua: kabla ya kona, wa kwanza anatamka kwa sauti uelekeo mpya na kiasi cha usukani, wa pili anathibitisha au anapinga, hata kama anayeongoza ni nahodha.

Mtu atauliza: je, Costa Concordia, iliyoua watu 32 kwenye kisiwa cha Giglio Januari 2012, haikuwa meli ya watalii? Ilikuwa, na nahodha wake hakupingwa kwa wakati. Lakini aibu ile ndiyo iliyosukuma kampuni hizo kukaza utaratibu huu wa kukaguana. Pia ni kweli kwamba meli ya watalii haitembei taa zimezimwa wala haijipangi na nyingine kivita; hayo yabaki kufundishwa jeshini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanafunzi anaweza kugeuka abiria, akasimama nyuma wiki tatu akinywa kahawa. Ndiyo maana muda uwe wa miezi, na daftari lisainiwe na nahodha kila mara mwanafunzi anapoifikisha meli gatini kwa mkono wake. Linabaki suala la fedha: kampuni zitawaona hao vijana hodari na kuwatongoza kwa mishahara. Jeshi linaweza kuwafunga kwa mkataba wa miaka kadhaa, kama linavyofanya kwa marubani wa ndege, ambao mafunzo yao hakuna anayelalamika kuwa ni ghali mno.